Baba Mkali na Mwana Asiyefanana Naye

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Katika amana alizotwikwa mwanamume, ni chache zilizo nzito kama mtoto. Mali ikipotea huchumwa nyengine, na nyumba ikianguka hujengwa upya; lakini moyo wa mtoto ukivunjika mkononi mwa baba yake, ni wachache wajuao kuuunga.

Yako mambo yaonekanayo katika miji mingi ya pwani. Baba amelelewa chuoni, amekhitimu mbele ya mwalimu mkali, amevaa kanzu na kofia tangu utoto wake, na baada ya sala hukaa barazani pamoja na watu wa rika lake. Akipata mwana, hutaraji kuiona nafsi yake mara ya pili. Kisha mwana akakua kwa namna nyengine. Kanzu huivaa siku ya Ijumaa tu; moyo wake uko katika mitambo, au katika kuchora, au katika ilimu ambazo baba hazijui; barazani hakai; na akiamrishwa jambo, huuliza sababu yake. Baba huona haya mbele ya wenziwe. Hapo hutoka bakora. Bakora isipofaa hutoka maneno makali. Na maneno yasipofaa hufuata kimya, baba na mwana wakakaa nyumba moja wasisemezane ila kwa kinywa cha mama.

Basi imempasa mwenye akili aulize: baba huyu, katika ukali wake, analinda nini? Analinda dini ya Mwenyiezi Mungu, au analinda uso wake barazani?

Haki ya baba kwanza isipunguzwe. Katika Sura At-Tahrim, aya ya 6, Waislamu wameamrishwa wajikinge na Moto wao wenyewe pamoja na watu wao. Na Mtume (s.a.w.) amewaamrisha wazazi wawaamuru watoto kusali wapatapo miaka 7, na wawatie adabu kwa kuiacha wapatapo miaka 10. Baba amwachaye mwanawe alale mpaka jua litoke, kisha akasema kuwa anamhurumia, hajamhurumia, amemdhulumu. Katika sala, na katika halali na haramu, baba hana ruhusa ya kulegea, wala mwana hana haki ya kuona kuwa ameonewa.

Lakini si kila akitakacho baba ni dini. Sharia imemwamrisha mwanamume asitiri uchi wake, wala haikuamrisha mshono wa mji mmoja. Sharia imetaka chumo la halali, wala haikutaka kila mwana afanye kazi ya baba yake. Mwenyiezi Mungu ametaja katika Qur'ani kuwa alimlainishia Nabii Daud chuma ili afanye nguo za vita, na Mtume (s.a.w.) amekhubiri kuwa Nabii Zakaria alikuwa seremala. Ikiwa Mitume walishika nyundo na msumeno, kijana aliyepaka mafuta ya mtambo mikononi hakuiaibisha nyumba ya mtu. Baba aichanganyaye desturi yake na dini ya Mola wake humfunza mwana jambo la khatari sana. Kwani siku mwana atakapojua kuwa katika yale aliyopigiwa yako yasiyokuwa na asili katika sharia, atayatilia shaka hata yaliyo na asili. Atakapoivua kofia aliyolazimishwa, hukhofiwa asije akaiacha na sala.

Wala asidhani mtu kuwa mwana kuona lisiloonwa na baba yake ni utovu wa adabu. Katika Sura Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, imetajwa hukumu ya shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wameeleza kuwa Nabii Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba. Mwanawe Suleiman, naye angali kijana, akaona hukumu nyengine: mwenye shamba awachukue kondoo, apate maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arejeshewe chake. Mwenyiezi Mungu akataja kuwa alimfahamisha Suleiman, na papo hapo akataja kuwa wote wawili aliwapa hukumu na ilimu. Baba hakushushwa daraja kwa kuwa mwana amefahamu, wala Daud hakumfukuza mwanawe kwa kuwa amenena kinyume cha neno lake.

Tena litazamwe jambo la Nabii Ibrahim. Yeye alikuwa mwana asiyefanana na baba yake. Kwa upole alimwita baba aiache ibada ya masanamu, na baba akamtishia kumpiga mawe na kumfukuza. Ibrahim akamjibu kwa salamu. Kisha yeye naye akawa baba, akaamrishwa katika ndoto amchinje mwanawe. Amri hiyo haikuwa ya kushauriana, kwani imetoka kwa Mola. Na juu ya hayo, katika Sura As-Saffat, aya ya 102, Ibrahim alimueleza mwanawe ndoto ile, akamuuliza yeye aonaje. Mwana akajibu kwa utii na subira. Ikiwa Mtume wa Mungu alimuuliza mwanawe rai yake katika jambo ambalo halina khiari, inakuwaje baba wa leo asimuulize mwanawe katika kazi atakayoifanya umri wake wote?

Na mwana aulizaye sana asijibiwe kwa kofi. Imepokewa kwa Abu Umama kuwa kijana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamtaka ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, na binti yake, na dada yake, na shangazi yake, na mama yake mdogo. Na kila mara kijana akikataa. Kisha Mtume akamwekea mkono wake akamuombea dua, na tangu siku ile kijana hakuligeukia tena jambo hilo. Ni watu wangapi wameulizwa na wana wao masuala mepesi kuliko hilo, wakayajibu kwa kuwafukuza?

Ama bakora, wanavyuoni wameiwekea mipaka. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi wamesema kuwa kipigo cha adabu kisiwe cha kuumiza, na kwamba kikijulikana kuwa hakitafaa ila kwa ukali wenye kudhuru, huachwa. Na katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kisomwacho katika darsa za pwani, imethibitishwa dhamana juu ya walii na mwalimu ikiwa adabu yao imeleta maangamizo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika Ihya ameusia kuwa kosa la kwanza la mtoto lisipekuliwe wala lisifichuliwe mbele ya watu, na kwamba lawama zikizidi masikio huzizoea na moyo ukafa ganzi. Na akaagiza mtoto apewe wakati wa kucheza baada ya chuo, asije akaichukia ilimu. Ibn Khaldun naye, aliyefariki mwaka 808 (1406), ameandika katika Mukaddima kuwa mwenye kulelewa kwa ukali na nguvu hufunzika uwongo na hila, kwa kuukhofu mkono ulio juu yake. Basi baba aliyejisifu kuwa mwanawe hathubutu kusema mbele yake, na atazame vizuri: huenda aonacho ni khofu iliyovaa nguo ya adabu.

Al-Aqra bin Habis alimuona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema kuwa yeye ana watoto 10 na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyerehemu harehemewi.

Pengine baba atasema: mwana wangu hakuacha kofia tu, ameacha na sala, amekhalifu dini wazi wazi. Huyo naye ana kiigizo, ni Nabii Nuh. Mwanawe alikuwa kafiri, na mauti yamekwisha fika. Nuh hakusema kuwa amekwisha mkana. Alimwita kwa jina la mapenzi, kama aitwavyo mtoto mdogo, aingie pamoja nao chomboni. Akaendelea kumwita hata mawimbi yakaingia baina yao. Hakuihalalisha kufuru ya mwanawe, wala hakuufunga mlango. Mlango ulifungwa na maji. Na Mtume (s.a.w.) amekataza watu kuwaapiza watoto wao, isije ikasadifu saa ya kujibiwa dua.

Na kwa mwana liko neno lake. Katika Sura Luqman, aya ya 15, hata wazazi wenye kumshurutisha mtoto ushirikina hawatiiwi katika hilo, lakini ameamrishwa akae nao duniani kwa wema. Kama hiyo ndiyo haki ya mzazi mshirikina, ni kubwa iliyoje haki ya baba Muislamu ambaye kosa lake ni ukali! Mwana asimjibu kwa sauti ya juu, wala asimcheke kwa asiyoyajua; kwani mkono ule ulioshika bakora ndio uliomlisha.

Mwisho, baba na aikumbuke siku yake. Mtume (s.a.w.) amefunza kuwa binadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu, na mojawapo ni mtoto mwema mwenye kumuombea. Watu wa barazani, ambao kwa kuwaonea haya amemvunja mwanawe, watamsindikiza mpaka kaburini, watatia udongo, kisha watarudi wakazungumze mengine. Atakayebakia kumuombea usiku na mchana ni yule mwana. Mwenye kumfukuza leo kwa ajili ya kanzu, amejikatia mwenyewe dua aliyoihitaji kuliko mali yote.

Basi aliyenyamaziana na mwanawe na aanze yeye kutoa salamu usiku huu, wala asingoje mdogo amwanze mkubwa. Amkalishe karibu, amuulize kazi yake na fikra zake, asikilize mpaka mwisho. Lililo la dini amshike kwalo kwa upole na uthabiti. Lililo la desturi amwachie nafasi.

Ewe Mola, watengeneze wana kwa ajili ya baba zao, na baba kwa ajili ya wana wao, na uwakutanishe Peponi kama ulivyowakutanisha duniani. Amin. Wallahu aalam.