Mpagazi Asiyekufa: Deni la Mbebaji katika Death Stranding na katika Janga la Korona

Swali tunalonuia kulijadili hapa ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifasihi: anayebebewa ana deni gani kwa anayembebea, na je, shukrani yaweza kulilipa deni hilo? Swali lenyewe ni kongwe. Tunalirejelea kwa kuwa limeibuliwa upya na kazi ya utanzu usiozoeleka katika uhakiki wetu, yaani mchezo wa video, na kwa kuwa maradhi yaliyozuka punde baada ya mchezo huo kutolewa yaliligeuza kuwa suala la uhai na mauti.

Death Stranding, mchezo uliotungwa na Mjapani Hideo Kojima, ulitolewa tarehe 8 Novemba 2019. Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa wa Korona kuwa janga la ulimwengu tarehe 11 Machi 2020. Kati ya tarehe hizo mbili ni miezi minne tu, na kwa sababu hiyo wapo waliouona mchezo huu kama utabiri. Mandhari yake ni Marekani iliyosambaratika. Wafu wamerejea kuwaandama walio hai, mvua huzeesha kila inachokigusa, na watu wamejifungia katika miji iliyotengana na katika mahandaki. Hawatoki wala hawagusani. Kinachowaunganisha ni wapagazi. Mhusika mkuu anaitwa Sam Porter Bridges, na jina lake la kati lina maana hiyohiyo ya mpagazi. Huvuka milima na mito kwa miguu akiwa amebeba dawa na vipuri, na afikapo mlangoni, aghalabu hulakiwa na taswira ya mwanga tu ya mwenye mzigo. Yeye mwenyewe, kwa kinaya, huogopa kuguswa.

Hoja ya utabiri haitushughulishi sana. Kojima hakuwa mwaguzi. Alisawiri utengano wa kijamii uliokuwapo tayari. Kinachotushughulisha ni mzigo.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fani ya mchezo huu imejengwa kana kwamba inaikanusha methali hiyo. Mchezaji huipanga mizigo mgongoni mwa Sam. Akiipanga vibaya, Sam huyumba, na ni lazima mchezaji abonyeze vitufe vya kushoto na vya kulia ili kumrejeshea mizani. Viatu huchakaa. Mto usiopimwa kina humwangusha na kuisomba mizigo. Riwaya yaweza kuusimulia uchovu wa mpagazi kwa aya moja, nasi tukasonga mbele. Hapa hatusongi mpaka tumetembea. Baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba mchezo huu unachosha. Kwa maoni yetu, kuchosha huko ndiko kunakoyabeba maudhui yake.

Lakini ni nani aliyekuwa akitembea? Mchezaji wa mwaka 2020 aliketi ndani ya handaki lake akijidhania yuko njiani, ilhali mpagazi halisi alikuwa langoni, akishusha kifurushi na kuondoka bila kuonana na mtu. Nchini Kenya, mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kafyu ikaanza tarehe 27 mwezi huohuo. Sisi wa vyuoni tulirudishwa nyumbani. Mwendeshaji bodaboda, muuguzi na dereva wa lori hawakuwa na handaki la kurudishwa. Tena Kiswahili kinatukumbusha jambo ambalo mchezo haukulifikia: mtu hubeba mzigo na hubeba viini vya maradhi kwa kitenzi kilekile. Aprili na Mei 2020, madereva wa malori ya masafa marefu walikaa siku kadhaa katika foleni za Malaba na Busia wakingoja kupimwa, na matangazo ya kila siku ya wagonjwa nchini Uganda yaliwataja kwa kazi yao. Mizigo yao ilitakiwa upesi. Wao wenyewe waliogopwa.

Je, Sam hulipwa nini? Hupewa alama za pongezi, mfano wa kidole gumba kilichoinuliwa. Wachezaji nao hupeana alama hizo kwa ngazi, kamba na madaraja waliyoachiana njiani bila kukutana. Tusiudharau ubunifu huu. Katika ulimwengu wa mchezo, kila mchezaji ni mbebaji na mbebewa kwa wakati mmoja: ngazi niliyoiacha jana itamvusha mwingine leo, na daraja lake litanivusha kesho. Pale ambapo kila mtu hubeba, gumba latosha. Wakati wa janga, hata hivyo, wabebaji walikuwa tabaka moja na wabebewa tabaka jingine. Kuanzia tarehe 26 Machi 2020, Waingereza waliwapigia makofi wahudumu wa afya kila Alhamisi jioni kwa majuma kumi. Hapa kwetu, Desemba 2020, wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Wapo waliowaona wagomaji hao kuwa watu wasio na utu. Shukrani ya punda ni mateke, husema methali. Lakini methali hiyo imetungwa upande wa mwenye punda, wala haitaji uzito wa shehena.

Udhaifu mkuu wa mchezo huu umo katika usawiri wa Sam mwenyewe. Sam hafi. Kila auawapo hurejea kutoka kuzimu na kuendelea na safari. Mtunzi aweza kumlipa magumba mfanyakazi wa aina hiyo kwa kuwa hana mjane wala yatima watakaodai kitu baada yake.

Wapagazi tuwajuao katika historia yetu walikufa. Kariokor ya Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu yao waliangamia, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na waliosalia wakapambana na homa ya mafua ya mwaka 1918. Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Badala yake ilisimamishwa sanamu. Iko katika Barabara ya Kenyatta, na mpagazi yumo, amesimama pamoja na askari.