Je, Kuchafua Mto ni Dhambi?

Mtu wa Yahuma ashukapo kijitoni alfajiri, huyakuta maji yakipita kimya chini ya miti. Huoga, hufua nguo, na pengine hujisaidia ukingoni kabla ya kwenda shambani. Akionywa hujibu: “Sikumdhuru mtu. Maji hutembea, na uchafu huenda zake.” Basi yafaa kuuliza: uchafu huo huenda wapi? Naye auachaye majini, je, hana hatia?

Vijito vyote vya Yahuma mwishowe humiminika katika mto Kongo. Kando ya maji hayo wamekaa watu, kijiji baada ya kijiji, nao huteka, hunywa na kupika. Kwa hiyo kusema uchafu “huenda zake” ni kusema huenda kwa mwingine.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 2011. Mwezi wa Machi ugonjwa wa kipindupindu, ambao wengi huuita kolera, ulizuka Kisangani. Haukukaa hapo. Ulishuka pamoja na mto na wasafiri wake, ukafika Mbandaka, na mwezi wa Juni ulikuwa umekwisha kuingia Kinshasa, safari ya zaidi ya kilometa 1,700 kwa maji. Mwaka ule mamia ya watu walikufa katika nchi. Kijidudu cha ugonjwa huu hutoka katika kinyesi cha mtu, kikaingia kinywani mwa mwingine kwa maji au kwa chakula. Tena wengi wakibebao hawaumwi kabisa. Mtu aweza kujiona mzima, kumbe ameacha mauti ukingoni.

Je, ametenda dhambi? Mkatekumeni amefundishwa kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu: neno zito, kujua, na kukubali kwa moyo. Asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye. Lakini kutojua ni kwa namna mbili. Yuko asiyejua kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Huyo hana hatia. Yuko pia asiyejua kwa sababu huziba masikio, asije akachoka kuchimba shimo. Huyo amejichagulia giza lake mwenyewe, naye atajibu mbele ya amri ya tano.

Mwingine atasema: “Mbona analaumiwa maskini, nao wenye meli zisizo na choo hawaulizwi?” Neno hili ni la haki. Aliyepewa uwezo mkubwa atadaiwa zaidi: mwenye chombo, mtawala, na kila apokeaye kodi ya watu asiwapatie maji mema. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya kila mtu. Basi kuwadai wakubwa haki hiyo si uasi. Walakini kosa la mkubwa halifuti wajibu wa mdogo. Jembe la kuchimbia choo ni lile lile la kulimia muhogo.

Katika mfano wa Bwana, Msamaria alimwona majeruhi kwa macho yake, akamhurumia. Jirani wa mtoni haonekani. Hakuna atakayemjua mtoto aliyeponea Mbandaka kwa sababu mtu mmoja wa Yahuma alichimba choo mbali na maji. Mtoto mwenyewe hatajua, wala mama yake hatatoa shukrani. Ndiyo maana upendo huu ni safi: haungoji sifa.

Basi kila nyumba na iwe na choo chake, kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani na kijitoni. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni au majivu. Naye atekaye maji asubuhi na akumbuke kwamba huko juu, mkondo utokako, yuko mtu mwingine. Na kama apendavyo mtu huyo amtunze yeye, vivyo hivyo na awatunze walio mbele yake.