Wajibu wa Baba kwa Mtoto Angojeaye Kupasuliwa Zama za Maradhi ya Kuambukiza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maradhi kuwa na dawa, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Yapasa ijulikane ya kwamba mtoto ni amana mikononi mwa baba yake, na amana haihifadhiwi kwa mapenzi ya moyoni tu, bali kwa amali na kwa subira. Na wakati mmoja ambao amana hii huwa katika khatari kubwa ni zile siku zitanguliazo mtoto kupasuliwa hospitali, hali ya kuwa mjini mna maradhi ya kuambukiza.

Jambo hili lilidhihiri katika gonjwa la Uviko-19, ambalo khabari ya mgonjwa wake wa kwanza Tanzania ilitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Huko Uingereza, mwaka ule ule, mgonjwa aliyewekewa siku ya kupasuliwa isiyo ya dharura aliagizwa akae ndani siku 14 pamoja na watu wote wa nyumba yake. Sababu ya hesabu hiyo ni kwamba ishara za ugonjwa ule hudhihiri aghlabu baada ya siku 5 hivi, na huweza kuchelewa hata siku 14. Na mtu huambukiza wenziwe kabla hajajihisi kuwa mgonjwa. Basi asemaye "mimi mzima, sina kikohozi" hana hoja kwa neno hilo.

Na mtoto apasuliwaye, ikiwa ni kwa ngiri, au kwa mdomo wa sungura, au kwa tundu la moyo, hulazwa kwa dawa ya usingizi, ndiyo nusukaputi, na pumzi yake huwa katika ulinzi wa tabibu. Njia za pumzi za mtoto ni nyembamba; zikiwa zimevimba kwa mafua au kikohozi hubana upesi, na hewa ikampungukia. Matabibu waliona ya kuwa mwenye kupasuliwa akiwa na Uviko, au akiwa ndiyo kwanza amepona, khatari ya mapafu humzidia. Kwa hiyo wakashauri kungojea majuma 7 kwa operesheni isiyo ya haraka. Kikohozi cha mtu mmoja wa nyumba chaweza kumrudisha mtoto nyuma karibu miezi miwili.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa ile hali ya dharura imekwisha. Lakini hukumu haikuondoka pamoja nayo, kwani mafua, surua na kifaduro vingalipo, na mtoto mwenye kikohozi na homa huahirishwa hata leo. Na mtu wa Msimbati au wa Kilambo ayajua machungu ya kuahirishwa. Kufika Ligula au Mitengo kuna nauli yake. Na apelekwaye Dar es Salaam ana safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda, na mfano wake kurudi.

Sasa na litazamwe kosa lililo kubwa zaidi, nalo ni la wanaume. Mara nyingi nyumba ikiambiwa ijitenge, hufungiwa ndani mama na mtoto, na baba huendelea na mambo yake. Asubuhi yuko ferini Msanga Mkuu amebanana na watu. Adhuhuri yuko sokoni. Jioni yuko barazani, na kikombe cha kahawa chapita mkono hata mkono. Usiku yuko kwenye maulidi, mikono saba katika sinia moja. Kisha hurejea nyumbani akamkumbatia mwanawe. Mlango uliofungwa kwa mwanamke ukaachwa wazi kwa mwanamume haukufungwa. Ugonjwa hauna haja ya kupita dirishani, ikiwa mwenye nyumba mwenyewe auingiza kwa mkono wake.

Wala kujitenga si jambo geni kwa watu wa Kusini. Katika jando la zamani, wari walitengwa kumbini hata jeraha lipone. Si mama wala mjomba aliyekwenda kuwazuru apendavyo, na wazazi nao walikuwa na miiko yao. Ushirikina uliochanganywa humo na uachwe. Lakini hekima moja ilikuwamo: mtoto aendaye kukatwa hulindwa na watu, na mlinzi naye hujizuia.

Akisema mtu: huku ni kuikimbia kadari, na muumini humtegemea Mungu, ataambiwa: Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda Shamu, na alipofika Sargh akapata khabari ya tauni. Akashauriana na sahaba, kisha akaazimu kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kuwa aitoka kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kukataza kuingia nchi yenye tauni, na kukataza kuitoka kwa kuikimbia. Na imepokewa vile vile kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwaleta kwa mwenye ngamia wazima. Ikiwa ngamia wana haki hiyo, mtoto wa Kiislamu ana haki zaidi.

Akisema mwingine: na Ijumaa je? Jawabu ni kwamba mafakihi wa madhehebu ya Shafii wametaja ugonjwa, na khofu ya madhara, na kumuuguza mgonjwa asiye na muuguzi, kuwa ni katika nyudhuru. Ibn Umar alipoletewa khabari ya ugonjwa wa Said bin Zaid siku ya Ijumaa, alimwendea, akaiacha Ijumaa. Siku 14 ni Ijumaa mbili, na onyo lililokuja ni juu ya aachaye Ijumaa tatu kwa kupuuza, si kwa udhuru. Basi baba na amwulize mwanachuoni wa mji wake juu ya hali yake yeye. Akiambiwa ahudhurie, na atie udhu nyumbani, achukue mswala wake, afunike pua na mdomo, asali uani penye hewa, na atoke bila ya kushikana mikono.

Akisema wa tatu: na mgeni je? Hili ni zito kwa watu wa mpakani. Palma iliposhambuliwa mwezi wa Machi 2021, watu wa Msumbiji walikimbia kuelekea mto Ruvuma, na wengi wana ami na shemeji ng'ambo hii. Mgeni ana haki yake, naye hafukuzwi. Lakini kazi ya kumpokea huwa kama fardhi kifaya: akiisimamia jirani, nyumba yenye mtoto huyo husalimika na lawama. Na aliyefunga mlango hakukata udugu. Aliyekata udugu ni jirani aliyeona mlango umefungwa asilete maji, wala samaki, wala unga. Siku hizo ni mtihani wa mtaa mzima.

Na mvuvi au kibarua asiyeweza kukaa siku 14 bila ya kazi, Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Afanye awezalo: alale chumba mbali na mtoto, au kwa nduguye, arudipo aoge na kubadili nguo kabla ya kumkaribia, ale chomboni mwake, wala asiende barazani baada ya kazi, kwani riziki ina dharura, na mazungumzo hayana.

Limebaki moja, nalo ni zito kuliko yote. Huenda mtoto akapata kikohozi usiku wa kuamkia safari, au mtu wa nyumba akashikwa na homa. Hapo baba hukumbuka nauli aliyoikopa na zamu aliyoingojea, na moyo ukamshauri anyamaze, ampe mtoto asali, amfikishe hospitali kama mzima. Na ajue kuwa kumficha tabibu jambo hilo ni ghushi, na mwenye kughushiwa hapo si tabibu bali ni mtoto, ambaye atalala hajui lililofichwa. Na aseme kweli, ingawa atarudishwa. Nauli hupatikana tena kwa Mwenye kuruzuku. Roho ikitoka hairudi.

Basi mwenye mtoto na afunge mlango, na auanzie nafsini mwake. Na mwenye jirani na abishe hodi kwa mbali, aweke kikapu kizingitini, aombe dua, aende zake. Mwenyezi Mungu awaponye watoto wa Kiislamu na watoto wa watu wote, na awajaalie baba zao kuwa walinzi waaminifu. Wabillahi taufiki.