Mgonjwa na Aulizwe



Wazee husema, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ni wazi: aliye kitandani hangoji kuulizwa kama ataka kunywa, apikiwe, aletewe. Neno hili ni jema. Lakini wako watu walipelekao mahali pasipo pake, wakidhani kwamba mgonjwa haulizwi neno lo lote, hata juu ya mwili wake mwenyewe. Na tulipime leo kwa habari ya mtu aliyeumia uso, na ya hewa moja ambayo matabibu huitumia kutuliza maumivu.

Twajua sote jinsi watu waumiavyo siku hizi. Katika njia za Rulenge, Ngara na Biharamulo pikipiki ni nyingi, naye aangukaye bila kofia ngumu huweza kupasuka midomo, kung'oka meno, na kuvunjika taya. Jeraha la uso lina uchungu wa mwili, tena lina haya, kwa kuwa mtu hujulikana kwa uso wake. Liko na jambo la tatu, nalo ndilo kubwa: hukinyang'anya kinywa kazi yake. Aliyevunjika taya huenda asiweze kusema "nataka" wala "sitaki".

Hewa hiyo huitwa naitrasi oksaidi, na wengine huiita hewa ya kuchekesha. Mwingereza Humphry Davy aliivuta mwenyewe mwaka 1799 huko Bristol, na mwaka 1800 akaandika kwamba huenda ingefaa katika kupasua wagonjwa. Lakini kwa miaka zaidi ya 40 watu waliifanya mchezo wa kuchekesha watazamaji, na huku wagonjwa wakikatwa wakilia. Desemba 1844 Horace Wells, mganga wa meno wa Hartford, Marekani, aliona katika mchezo kama huo mtu aliyejiumiza mguu asisikie uchungu. Kesho yake Wells akaivuta, akang'olewa jino lake mwenyewe. Angalieni: alijaribu kwanza kwa jino lake, si kwa la mwenziwe.

Leo huchanganywa nusu kwa nusu na oksijeni, na mara nyingi mgonjwa hushika kifuniko cha kuvutia kwa mkono wake mwenyewe. Akisinzia, mkono hulegea, kifuniko huanguka, naye hupumua hewa ya kawaida. Ni kana kwamba chombo chenyewe humwuliza kila pumzi, "Wataka bado?" Lakini uso uliovunjika huenda usikubali kifuniko. Tena hewa hii huingia upesi katika nafasi zilizofungwa mwilini na kuzitanua. Ikiwa upepo umepenya kifuani nje ya pafu, au ndani ya fuvu, yaweza kuleta hatari ya kufa. Basi nia njema peke yake haitoshi. Hapana budi watu wajue nani apewe na nani asipewe, na kujua huko hakupatikani pasipo kuchunguza kwa watu.

Hapo ndipo penye swali letu. Huko St. Louis, Marekani, matabibu walichunguza watoto 204 wa miaka 2 hata 6, waliochanika nyuso wakahitaji kushonwa. Habari zake zikachapishwa mwaka 2001. Watoto waligawanywa kama kwa kura, mafungu manne. Wote walitiwa ganzi na kubembelezwa kama ilivyo desturi. Fungu moja halikuongezewa kitu. La pili lilinyweshwa dawa iitwayo midazolamu. La tatu lilivuta hewa ile. La nne lilipata vyote viwili. Waliovuta hewa walipungukiwa na taabu wakati wa kushonwa, ingawa baadhi walitapika.

Je, ilikuwa haki fungu moja kukosa hewa? Naona yaweza kuwa haki, kwa masharti. Kwanza, asiwepo anyimwaye yale ambayo angepewa siku zote. Pili, jibu liwe halijajulikana bado. Kupiga kura juu ya jambo lililokwisha kujulikana ni ukatili. Tatu, nalo lazidi yote, mzazi aelezwe, aulizwe, awe huru kukataa, na akikataa mtoto wake ashonwe vema vile vile.

Mtu atasema, "Yule Msamaria hakumwuliza majeruhi neno." Ni kweli. Lakini Msamaria hakutaka kitu kwake. Mchunguzi ataka kitu, yaani maarifa, kwa faida ya wengine. Uji ni wa mgonjwa peke yake. Uchunguzi ni wa mgonjwa na wa watu wengine pia. Naye aombaye kitu cha mtu hupiga hodi, hata kama mwenye nyumba yu hoi kitandani.

Matabibu wa mataifa walikubaliana hayo huko Helsinki mwaka 1964. Na kwetu Tanzania iko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1979, itoayo vibali vya uchunguzi kama huo. Lakini sheria haifiki kitandani kwa miguu yake. Ninyi waalimu wa vijijini ndio mwitwao kumsomea mzazi karatasi asiyoweza kuisoma. Msimwambie, "Weka kidole tu, daktari anajua." Msomeeni yote, polepole, hata mahali paliposemwa kwamba aweza kukataa. Na ikiwa majeruhi hawezi kunena, kwanza atibiwe. Uchunguzi waweza kungoja. Kisha aulizwe kabla hajavuta hewa ya kumlevya, naye ajibu kwa macho au kwa mkono. Uji na aletewe bila kuulizwa. Lakini mwili wake ni wake, hata siku kinywa chake kimefungwa.