Rangi za Terminali: Pambo au Sehemu ya Kitu?

Terminali ikipoteza rangi zake, hakuna kazi inayosimama. Bash, programu ya amri iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, huendelea kupokea amri na kuzitekeleza. Kinachobaki ni maandishi ya rangi moja na prompti (maandishi yanayotangulia amri) fupi kama `bash-5.1$`, isiyomtaja mtumiaji, mashine wala folda. Hapo linazuka swali la kale: je, kilichotoweka kilikuwa sehemu ya kitu chenyewe, au pambo tu lililowekwa juu yake?

Aristotle aliihesabu rangi kuwa sifa: huja na kuondoka, kitu kikabaki kilekile. Nchini Rwanda, padri na mwanafalsafa Alexis Kagame alilipanga jambo hili upya katika kitabu chake cha mwaka 1956. Aliitegemea lugha yake, Kinyarwanda, akazikusanya kategoria kumi za Aristotle ziwe nne: mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Rangi iliangukia kwenye namna, si kwenye mahali.

Terminali inaufuata mgawanyo huo kwa ukamilifu wa kushangaza. Ili maandishi yawe ya kijani, hutangulizwa herufi ya udhibiti namba 27, kisha `[32m`. Alama hizo zikiwekwa ndani ya `PS1`, kigezo kinachobeba prompti, ni lazima zifungwe kati ya `\[` na `\]`, ili Bash ijue kwamba hazichukui nafasi yoyote kwenye mstari. Zikiachwa wazi, hesabu ya urefu huharibika, na amri ndefu ikifika ukingoni hurudi kuandikwa juu ya prompti yenyewe.

Hata hivyo, kuziita rangi pambo si haki. Amri `ls --color=auto` hutoa rangi pale tu matokeo yanapokwenda kwenye terminali; yakielekezwa kwenye faili au programu nyingine, hutoka bila rangi. Maana yake, rangi zipo kwa ajili ya mwenye macho. Zikipotea, mashine haipungukiwi na kitu, ila uhusiano wake na mtu umepungua.

Na uhusiano huo una uzito wa kimaadili. Fundi aliyeketi Luberizi, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara ya Uvira, anaweza kuwa na madirisha mawili: moja la kompyuta yake mwenyewe, jingine la seva ya mbali aliyoingia kwa `ssh`. Amri ya kufuta, `rm -r`, inaandikwa vilevile kote kuwili. Kinachomwonya ni `\u@\h:\w`, yaani mtumiaji, mashine na folda, pamoja na alama ya mwisho: `$` kwa mtumiaji wa kawaida, `#` kwa root mwenye mamlaka yote. Ni vigumu mtu kuwajibika ipasavyo kwa tendo ambalo hajui analitendea wapi.

Kurudisha rangi na prompti huanza kwa kuchunguza. Mara nyingi faili la mipangilio ya Bash, `.bashrc`, lipo salama, ila `.bash_profile`, linalosomwa wakati wa kuingia, haliliiti, kwa hiyo anayeingia kwa `ssh` halipati. Likiwa limefutika kweli, Debian na Ubuntu zina nakala yake: `cp /etc/skel/.bashrc ~/`, kisha `source ~/.bashrc`. Rangi za prompti zisipotokea, huondolewa `#` iliyo mbele ya `force_color_prompt=yes`.

Lakini kinachorudi kwa njia hiyo ni sura ya kila mtumiaji mpya, si ile aliyojitengenezea mtu. Ikiwa dirisha la zamani bado halijafungwa, `echo "$PS1"` itaonyesha prompti yake iliyobaki kwenye kumbukumbu. Hiyo ikinakiliwa, ni ileile hasa, kwa kuwa prompti ni mfuatano wa herufi na mfuatano haukubadilika. Ikiandikwa upya kutoka kichwani, na kijani kikageuka samawati, si ileile tena kwa herufi, lakini kazi ya kumjulisha mtu alipo na mamlaka aliyonayo imerejea. Ndiyo sababu `\u@\h:\w\$` huandikwa kwanza, ikajaribiwa, na rangi zikaongezwa baadaye.