Utepe katika Mdomo wa Bunduki

Katika milima ya Rocky, iliyoenea Marekani na Kanada, majira ya kupukutika majani yakifika wawindaji hupanda mabonde kufuata nyayo za kulungu. Theluji huanguka, matope huteleza, na matawi ya misonobari hudondosha takataka zake juu ya kila apitaye. Kabla ya kuondoka kambini, mwindaji mzoefu hufanya kazi ndogo ambayo mgeni aweza kuicheka. Hukata kipande cha utepe mweusi wa mafundi wa umeme, akakibandika juu ya mdomo wa bunduki yake. Thamani ya kipande hicho ni karibu na bure, walakini kimekabidhiwa ulinzi wa roho.

Sababu yake si ngumu. Risasi haina njia ila mtutu. Mwindaji akianguka, mdomo wa bunduki waweza kuchota theluji au tope, naye asijue. Baruti ikiwaka katika bunduki nyingi za namna hii, mgandamizo ndani yake hupita ule wa hewa ya kawaida mara 3,000 au zaidi. Risasi ikikuta kizuizi, mwendo wake hukatizwa, nguvu iliyo nyuma hutafuta pa kutokea, na chuma huvimba au hupasuka. Utepe wenyewe haudhuru, kwa kuwa hewa iliyomo mtutuni husukumwa mbele ya risasi ikaupasua kabla risasi haijafika. Askari wa Marekani walioshuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944 walikuwa na hadhari ya jamii hiyo: wengi walitia bunduki zao katika mifuko myembamba isiyopitisha maji, bahari na mchanga visiziharibu.

Sasa na wafikiriwe wawindaji wawili. Wa kwanza alibandika utepe wake. Wa pili alipuuza. Wote wawili waliteleza katika mteremko mmoja, wakainuka, wakaendelea na safari bila kutazama nyuma. Kwa bahati, theluji haikuingia katika bunduki ya yule wa pili. Jioni wote walirudi kambini na nyama, wakaota moto mmoja. Je, watu hawa wawili ni sawa?

Aghalabu ulimwengu hujibu kuwa ni sawa. Husema kuwa pasipo jeraha hapana mdai, na pasipo mdai hapana deni. Jibu hili lina nguvu yake. Sheria haiwezi kumfuata kila mzembe nyumbani kwake, na jamii ambayo ingeadhibu kila kosa lisilozaa madhara ingejaza magereza, ikakosa wa kulima.

Lakini hukumu ya sheria ni jambo moja na hukumu ya dhamiri ni jingine. Kitendo cha yule wa pili kilikuwa chake. Matokeo hayakuwa yake. Anayemsifu kwa kurudi salama huisifu theluji iliyoanguka kando. Zaidi ya hayo, hakuwa peke yake mlimani. Bunduki ikipasuka, vipande vya chuma havichagui mwenye kosa. Mwenziwe aliyesimama hatua mbili kando yake aliwekwa rehani, macho na mikono, bila ya kuulizwa radhi yake. Rehani ilirudishwa nzima, ni kweli. Hata hivyo aliyeiweka hakuwa na haki ya kuiweka. Deni la namna hii huwapo hata asipokuwapo anayelijua.

Katika neno hilo mna na huruma pia. Mzembe ambaye bunduki yake ilipasuka hana moyo mbaya kuliko mzembe aliyesalimika. Bahati huongeza hasara, hatia haiongezi. Kwa hiyo aliyesalimika hana budi kupunguza ukali wa ulimi wake anapomhukumu aliyepatwa, maana walipanda mlima mmoja kwa uzembe mmoja.

Hata yule wa kwanza hana ruhusa ya kujivuna. Utepe uliobandikwa juu ya mtutu mchafu hauusafishi, huuficha tu. Bunduki itokayo penye joto kwenda penye baridi yaweza kukusanya unyevu chini ya utepe huo huo. Tena alipoteleza ilimpasa asimame, atoe risasi, ahakikishe kuwa utepe ungali mzima. Naye aliendelea kama mwenziwe. Utepe ulimpunguzia hatari, lakini haukumwondolea wajibu wa kutazama.

Mizinga ya manowari za kale ilizibwa midomo kwa vizibo vya mti ili maji ya bahari yasiingie, na kizibo kilipasa kuondolewa kabla ya mzinga kufyatuliwa. Kikisahauliwa, mlinzi aligeuka adui. Utepe ni bora kwa sababu hupasuka wakati wa kazi unapofika. Hadhari ya mtu yafaa iwe vivyo hivyo: imlinde njiani, wala isimzuie kutenda lililompeleka.

Asubuhi ya pili itawapambanua wawindaji hawa wawili kuliko nyama ya jana. Yule wa pili akiomba kipande cha utepe kabla ya kutoka, na wa kwanza akichungulia mtutu wake kabla ya kuufunika, kila mmoja atakuwa ameanza kulipa deni ambalo hakuna aliyemdai.