Amana ya Mwili wa Mwingine
Iwapo ufanisi wa mafunzo ya kujihami ni suala la ufundi tu au pia la maadili ni swali lililopata jibu zito kwa Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882. Mbinu za hatari zaidi, zikiwamo ngumi na mateke, aliziweka katika kata, yaani miondoko iliyopangwa tangu awali, ili katika randori, ambayo ni mazoezi huru, mwanafunzi apambane kwa nguvu zake zote na mtu asiyekubali kuangushwa. Kupunguza ukali kukazidisha uwezo, kwa kuwa kwa mwanafunzi mwili wa mwenzake ni amana, na akiuvunja hujinyima mtu wa kujifunza naye.